Mkate wa Kwao Lilian

Ukimwona mwanamke wa Muleba, Mlutheri wa kuzaliwa, mjane mwenye magoti mabovu, anazunguka soko zima wiki ya Krismasi akiulizia nazi, usimcheke. Wenzako walicheka. "Nazi, Mama Mwesiga? Huku kwetu? Si ungeagiza na bahari yenyewe!" Renatha akasogea meza inayofuata. Angewaambia nini? Kwamba asipopata nazi mjukuu wake anaondoka? Wangedhani uchungu wa msiba umempanda kichwani.

Na ndivyo mambo yalivyokuwa, siongezi chumvi. Mwesiga, mtoto wake wa pekee, alikuwa amekufa. Pikipiki, mvua, barabara ya Bukoba, yaliyobaki hayasimuliki. Walimzika kibanjani, kati ya migomba, kando ya baba yake, na udongo wa kaburi ulikuwa bado haujakaa sawa. Alimwachia mama yake mke na mtoto. Mke aliitwa Lilian, Mfilipino. Walikutana Doha kwenye hoteli moja, Mwesiga akiwa fundi umeme na Lilian akitandika vitanda. Mtoto alikuwa Ishengoma, jina la babu yake, mwenye miaka mitatu, macho ya kwa mama yake na paji la uso la Mwesiga vilevile, hata ule mkunjo wa kukasirika upo.

Tangu mazishi Lilian alikuwa hali chakula. Si kwamba alikataa, hapana, adabu alikuwa nayo. Alikaa mbele ya sahani ya ndizi na maharage, akamega, akatafuna, akamega tena, na mwisho chakula kilirudi jikoni karibu kama kilivyotoka. Alikonda mpaka pete ikawa inamdondoka. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alikipata kwa Mwesiga, na Mwesiga alipoondoka ni kama na maneno yaliondoka naye.

Kisha Desemba, jioni moja wakimenya ndizi, alisema bila kuinua uso, "Mama, baada ya Krismasi mimi naomba kwenda nyumbani. Mimi na Ishengoma."

Renatha alijifanya hajasikia. Alisema kuku hawajafungiwa, akatoka. Kuku walikuwa wameshafungiwa. Alisimama nyuma ya banda lao akalia huku ameuma kanga, na aliporudi ndani alizungumzia mvua. Lilian naye hakurudia. Ombi likabaki limening'inia humo ndani, na kila mmoja akawa analipita kwa pembeni.

Mzee Kyaruzi, mdogo wa marehemu mume wake na mkubwa wa ukoo siku hizi, alipopata habari alikuja siku hiyohiyo. Hakuwa mtu mbaya Kyaruzi, ila alipenda mambo yaishe. "Mwanamke akitaka kwenda aende," alisema. "Hatukumfunga kamba. Lakini Ishengoma ndiye msika wa Mwesiga, mrithi wa kibanja hiki. Msika habebwi mgongoni akapelekwa ng'ambo. Wewe ndiye mwenye nyumba, shemeji. Neno lako ndilo tutakalolisimamia. Sema tu mtoto abaki, mengine tuachie sisi."

Nisimpambe Renatha hapa, sehemu moja ya moyo wake iliruka kwa furaha. Abaki! Amlee yeye, amsomeshe, amwone akipita chini ya migomba ile akiita Bibi. Lakini amtoe kwa mama yake kama mtu anayeachisha ndama? Hapana. Alichotaka ni kimoja tu, wabaki wote wawili. Alikitaka mpaka usingizi ukamkimbia. Mtu aliyezika mume, akazika na mtoto, hana kingine cha kutaka.

Ndipo alipoamua kumchunguza huyu mkwe. Alfajiri ya kesho yake alimsikia anafungua mlango taratibu. Akamfuata na kanga yake begani. Lilian alipanda kilima mpaka kwenye kigango cha Wakatoliki, kanisa dogo la bati ambalo siku za kazi hufungwa kwa kufuli. Alikaa kwenye ngazi, mtoto kalala mgongoni, mlango umefungwa nyuma yake. Akakaa hivyo mpaka kulipopambazuka, kisha akafanya ishara ya msalaba akashuka. Renatha alijificha kwenye mibuni, mzee mzima, umande unamlowesha miguu, na huruma ikamwingia.

Siku hiyo alimuuliza. Walikuwa wawili tu jikoni. "Lilian mwanangu, kama ungekuwa kwenu sasa hivi, ungekuwa unafanya nini?"

Yule binti alimtazama kwa mshangao. Halafu, mae! kama tusemavyo Wahaya, maneno yakaja. Kwao, alisema, kabla ya Krismasi kuna misa za alfajiri, siku tisa mfululizo. Watu wanajaa mpaka nje. Giza, baridi kidogo, taa za nyota kila mahali. Ukitoka kanisani, pale mlangoni akina mama wanauza mkate wa moto. Unaitwa bibingka. Wa mchele, na nazi, juu ya jani la mgomba. "Jani kama hili, Mama! Kama lenu!" Unapikwa moto chini, na moto juu.

"Moto juu?" Renatha aliuliza. "Juu wapi?"

"Juu ya kifuniko. Makaa."

"Na wewe unajua kuupika?"

Lilian akatikisa kichwa. "Mimi kula tu. Kupika, mama yangu." Na akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kuazima, halikukaa, lakini Renatha aliliona. Akajisemea, basi. Ugonjwa tumeuona, na dawa yake ni hii. Akila cha kwao humu ndani, humu ndani patakuwa kwao. Atabaki.

Nani wa kumlaumu? Huku kwetu mama akikupenda hasemi, anapika.

Alianza kwa ujinga wake mwenyewe. Nazi hakuna, akaona maziwa ya ng'ombe si maziwa tu? Alitwanga mchele, akakoroga na maziwa na samli, akafunga kwenye majani na kuuweka kwenye chungu juu ya ndizi, kama tunavyopika siku zote. Moto juu aliuruka, maana aliona ni mambo ya kuunguza nyumba. Kilichotoka humo kilikuwa kizito, cheupe, kinanata kama gundi ya fundi viatu. Lilian alikula vipande viwili. "Asante, Mama. Tamu," alisema, kwa uso wa mtu anayemeza kwinini. Ishengoma, ambaye hakufundishwa adabu hizo, alitema. Renatha alitupia mabaki kuku, na jogoo akayaangalia akaenda zake.

Zilikuwa zimebaki siku mbili Krismasi ifike. Sokoni Muleba nazi hakuna. Akapanda gari kwenda Bukoba, asubuhi, bila kumwambia mtu, na huko nako akaanza upya. Mwenye duka huyu alikuwa nazo wiki iliyopita. Yule anasubiri lori kutoka Dar, lori limekwama kwa mvua. Mwingine akamletea nazi ya unga kwenye pakiti, imeshika rangi ya kahawia na harufu ya sabuni. Saa sita ikamkuta amekaa kwenye ukingo wa mtaro, magoti yanawaka moto, anaongea na Mungu kwa sauti. "Waitu Mukama, mume ulichukua sikukuuliza. Mwana ulichukua. Nazi moja tu na yenyewe unaninyima?" Mpita njia mmoja alimsogelea akamuuliza kama anaumwa. Alimwambia ndiyo.

Na pale kwenye mtaro ndipo akamkumbuka Rahima. Mungu hujibu, ila naye ana muda wake.

Rahima binti Burhani walisoma naye shule ya msingi, Nyanga, walipokuwa wakigawana kiazi kimoja wakati wa mapumziko. Watu wa kwao asili yao pwani, babu yao alikuja Bukoba na biashara akanogewa akabaki. Siku hizi anakaa Rwamishenye, anapika kwa oda, harusi na Idd. Renatha alimkuta uani anachambua mchele, akamwaga yote bila hata salamu kuisha, msiba, mkwe, kanisa lenye kufuli, mkate wa mchele, nazi, moto juu.

Rahima alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kucheka, mpaka ungo ukamponyoka. "Ewe Renatha wewe! Mlutheri anatafuta mkate wa Idd wa Waislamu ampe Mkatoliki Krismasi! Hao malaika leo wataandika wapi?" Akafuta machozi, akamshika mkono. "Huo ni mkate wa kumimina, mwenzangu. Au ndugu yake, baba mmoja mama mbalimbali. Sisi tunaupika tangu bibi zetu. Moto juu, moto chini, ndiyo."

"Na nazi?"

Hapo kicheko kikaisha. Rahima alikuwa na nazi moja, moja tu mjini kote labda. Alimwekea mwanawe Anwari, anayekuja kesho kutoka Mwanza, mtu asiyekula wali bila nazi. Renatha alipiga magoti. Kwa magoti yale! Rahima akapiga yowe. "Inuka! Inuka, usinitie dhambini! Anwari atakula wali mkavu, hatakufa." Akaingia ndani akaileta. "Lakini nikuambie, shoga. Huyo Anwari nimempikia kila kitu anachokipenda tangu ana meno. Na bado yuko Mwanza."

Renatha alisikia, ila siku hiyo hakuwa na masikio ya maneno hayo. Alikuwa ameikumbatia nazi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Rahima akamfundisha yote, mchele uloweke, usage na tui zito, hamira kidogo, iliki, sukari, uache uumuke, makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Akamrudisha barabarani na mbuzi ya kukunia nazi, ya kuazima.

Mkesha wa Krismasi, alfajiri, Lilian alipotoka kwenda kwenye ngazi zake na mtoto mgongoni, Renatha alikuwa ameshawasha. Alikata jani changa la mgomba, akalipitisha juu ya moto likalainika, akalitandika kwenye sufuria. Akamimina. Akafunika, akapanga makaa juu ya kifuniko, huku akiomba kwa Kihaya, kwa Kiswahili, na kwa wimbo mmoja wa sifa wa kanisani. Jiko zima likajaa harufu ambayo haijawahi kuingia humo tangu nyumba ijengwe. Alipofunua, mkate ulikuwa umeinuka, juu una wekundu, pembeni umejiachia kwenye jani. Aliuonja kwa ncha ya kidole. Akakaa chini. "Mwesiga," alisema peke yake, "mkeo anabaki."

Mzee Kyaruzi aliingia wakati huo, na nyama ya sikukuu kwenye mfuko. Akavuta kigoda, akauliza ni nini kinanukia hivyo, akajibiwa asubiri. Lilian akachelewa. Mkate unapoa! Renatha akakata kipande kikubwa, akatwaa jani jingine, akalipitisha motoni, akakifunga humo vizuri, akakaza kwa kamba ya mgomba, ili joto lisitoke. Mikono ilifanya yenyewe. Iliifanya kazi hiyo maisha yake yote. Halafu akamwona mkwe wake kule juu anateremka njia, na uvumilivu ukamwisha. Akatoka mbio za mzee mpaka irembo, pale mwanzo wa uwanja ambapo mgeni huingilia na msafiri hutokea, akanyoosha kifurushi kwa mikono miwili.

"Chukua, mwanangu. Chukua."

Lilian alisimama. Aliangalia jani, akaangalia ile kamba, akaangalia mikono miwili iliyonyooshwa. Akapiga magoti pale chini, na mtoto mgongoni.

"Asante, Mama," alisema. "Umeruhusu."

"Nimeruhusu nini?"

"Mwesiga aliniambia. Hapa mtu hasafiri mpaka Mama afunge chakula kwenye jani. Mama akifunga, amebariki. Asipofunga, usiende." Alikuwa analia na kutabasamu pamoja. "Mimi niliomba, Mama ukanyamaza. Nikasubiri. Kila siku nikaangalia jani. Leo umefunga."

Entanda. Renatha alihisi ardhi inamkimbia. Ndiyo, entanda, chakula cha njiani. Ni nani asiyejua huku? Mwesiga alipokwenda shule ya bweni alimfungia hivi. Alipokwenda Dar, alimfungia hivi. Alipokwenda Doha alimfungia hivi, na kumkabidhi hapahapa irembo, kwa mikono miwili hivihivi. Mtu yeyote wa Muleba angepita njia ile angesema, kumbe Renatha anaaga. Yeye peke yake hakuona. Alikuwa anaufunga mkate usipoe!

Lilian alifungua ncha ya jani. Harufu ikamfikia, na macho yake yakawa makubwa. "Bibingka?" Akamega, akatia mdomoni. Akacheka. Alicheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu wamzike Mwesiga, akamega tena, na tena, machozi yanaingia kwenye mkate, akamlisha mtoto kwa juu ya bega, akasema maneno mengi ya kwao ambayo hayakuhitaji mkalimani. Alikula kama mtu aliyefika. Siku zote hizo Renatha alikuwa ameomba amwone hivyo.

Kyaruzi alikuwa amewafuata, na alikuwa ameona yote. Akakohoa. "Umefanya la busara, shemeji," alisema kwa sauti ya kikao. "Tena umelifanya kimila, hakuna atakayekulaumu. Umemfungia mama. Mtoto hukumfungia. Kila msafiri ana lake. Basi aende salama, na Ishengoma anabaki."

Lilian alielewa. Si maneno yote, lakini alielewa. Kicheko kilikatika. Mkono wake ukarudi nyuma ukamshika mtoto mguu, ukaukaza. Hakubishana. Hakupiga kelele. Alimtazama tu mama mkwe wake, mkate bado uko kwenye shavu. "Mama," alisema polepole. "Moja?"

Jamani, yalikuwa maneno mangapi? Renatha angesema, sikukufungia safari, mwanangu, hiki ni chai ya asubuhi tu. Basi. Yule binti mtiifu angeinuka, angefuta machozi, angekaa, mwezi, mwaka, akisubiri jani na kukonda. Au asiseme lolote kabisa. Anyamaze, kama alivyonyamaza siku ya kuku, na Kyaruzi na ukoo wake wangemaliza kazi, na jioni hii Ishengoma angelala ubavuni kwake. Njia zote mbili zilikuwa wazi. Alizitaka zote mbili, alizitaka kwa njaa ambayo hajawahi kuisikia hata mwaka ule wa ukame. Akamwangalia mtoto, lile paji la uso. Akamwangalia mama wa mtoto, aliyepiga magoti kwenye udongo wa watu, mkono umeng'ang'ania mguu mdogo, na akaujua mkono ule. Ni wake. Hivyo ndivyo alivyolishika jeneza la Mwesiga.

Aligeuka akarudi jikoni.

"Shemeji?" Kyaruzi aliita. "Shemeji, fikiri!"

Hakufikiri, maana angefikiri asingefanya. Alichukua jani. Akalipitisha juu ya moto, upande huu, upande huu, likalainika. Akakata mkate uliobaki, kipande cha kiganja cha mtoto, akakifunga. Kamba ikamsumbua, macho hayakuona vizuri, akaifunga mara mbili. Alipotoka nje alikuwa analia wazi, bila kanga ya kuuma wala banda la kujificha. Akafika irembo. Akamshusha Ishengoma mgongoni kwa mama yake, akamsimamisha mbele yake, akampa kifurushi kwa mikono miwili, kama mtu mzima.

Kyaruzi alivua kofia yake, akaishika tu.

Mtoto aligeuza kile kitu cha kijani, akakinusa, akafurahi. Ni mtoto, atajua nini? Akaketi palepale chini, akaanza kufungua kamba kwa meno.

"Usile hapa, mjukuu wangu," Renatha alisema, akimzuia vile vidole. "Usile hapa. Hicho ni cha njiani."